Verediana na Mshale wa Thelathini na Nane

Mimi Mwantumu nilikuwa msomaji wa redio ya upepo kwenye shamba la ngano la serikali kwa miaka sita, na mpaka asubuhi moja nitakayoieleza sikumbuki kama niliwahi kusoma jambo la kweli. Saa mbili kamili niliwaita makao makuu nikawasomea ekari zilizolimwa, dizeli iliyobaki, mvua iliyonyesha na matrekta mabovu. Ekari zilikuwa nyingi kuliko ardhi tuliyokuwa nayo. Matrekta mabovu siku zote yalikuwa mawili, ingawa kwa dirisha langu niliyaona kumi na moja yamezungukwa na nyasi. Baba yangu, mzee Tawakali, aliuza vitambaa Katesh, na nyumbani tulifundishwa kupima kitambaa mbele ya mnunuzi. Shambani nilifundishwa kupima nikiwa nimefumba macho, na nilifaulu vizuri sana.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Verediana, mama Justina, mhudumu wa wodi katika hospitali ya shamba. Alikuwa mtu wa Nambis, kanizidi miaka kumi na mitano, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi: alihesabu pumzi za watu. Ukizungumza naye macho yake yalikuwa kifuani kwako na midomo yake ikichezacheza. Kanisani alihesabu za katekista, kisha baada ya ibada akamwambia aende akapimwe kifua. Katekista alinuna mpaka Pasaka, na alipopimwa kifua kikakutwa kibovu kweli. Tabia hiyo aliipata kwa baba yake, aliyekufa polepole kwa ugonjwa wa mapafu, binti akiwa na miaka kumi na minne ameketi kando ya kitanda, hana dawa wala la kufanya ila kuhesabu. Shule aliishia darasa la nne. Wauguzi wenye vyeti walimwita Profesa ili kumkejeli, naye aliitika bila kinyongo, jambo lililowaharibia raha.

Mwaka wa themanini na tano wafadhili wa mradi wakatuletea mashine ya kupumulia. Ilikuwa na mvukuto mweusi ndani ya chupa ya kioo, uliopanda na kushuka ukimsukumia hewa mtu aliyeshindwa kupumua mwenyewe. Pamoja nayo kilikuja kisanduku cha kijivu chenye mshale, kengele na mpira mwembamba. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu alitufundisha kwa wiki mbili. Alisema kuingiza hewa si kazi yote. Mtu hutoa hewa chafu, na isipotoka ya kutosha humlewesha, mwisho humuua, huku kifua kinapanda na kushuka mbele ya macho yenu. Kisanduku kilionja hewa inayotoka. Mshale ukikaa kati ya thelathini na tano na arobaini na tano, mambo ni shwari. Ukifika hamsini au sitini, mgonjwa yuko hatarini.

Verediana alikuwa anapiga deki nyuma ya darasa. Akasimama, akasema, "Kumbe ni kama nyumba iliyokokwa moto na moshi hauna pa kutokea."

Mzungu alipotafsiriwa alisema hajawahi kusikia mtu akilieleza vizuri namna hiyo. Wauguzi wenye vyeti wakatazama dari.

Siku ya kuizindua, Bwana Meneja alihutubia saa nzima na dakika ishirini. Alisema sasa Hanang imeifikia Ulaya, akakata utepe, tukala. Kesho yake mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake ikawekwa chupa ya maua ya plastiki, ikakaa hapo kama redio ya sebuleni kwa mtu mwenye uwezo. Kuitia vumbi kulikuwa kosa la nidhamu. Kuitumia hakuna aliyekufikiria.

Tatizo lilikuwa fomu. Mzungu aliacha fomu yenye chumba cha kuandika hewa chafu, na ili kuonyesha mfano alijaza thelathini na nane. Shambani kwetu chumba kitupu kwenye fomu kilikuwa dhambi kubwa kuliko wizi wa dizeli. Kwa hiyo Mganga Mkuu, Daktari Yoakimu, naye akaandika thelathini na nane. Kesho yake akaandika tena. Ikaingia kwenye taarifa yangu, na kila asubuhi, baada ya mvua na kabla ya matrekta mabovu, nilisoma, "Hewa chafu, thelathini na nane." Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, na kwenye mashine hajalala mtu. Makao makuu walifurahi. Walituandikia hata barua ya pongezi kwa kuwa namba yetu haikuyumba.

Siku moja Verediana aliniuliza, "Mwantumu, hiyo thelathini na nane ni ya nani?"

"Ni ya hospitali, mama Justina."

"Hospitali haina mapafu, mwanangu."

Nilicheka sana, na asubuhi iliyofuata nikaisoma tena kwa sauti yangu nzuri.

Mwezi wa tano mwaka wa themanini na sita tukaambiwa Ijumaa watakuja wageni: mkubwa mmoja kutoka makao makuu na wataalamu wa ngano wa upande wa wafadhili. Shamba likashikwa na homa. Mawe ya barabarani yakapakwa chokaa. Ndege ya kunyunyiza dawa ya wadudu ikaamriwa imalize mashamba yote yanayoonekana toka barabarani. Mshika bendera alikuwa Pascal, kibarua wa Masakta, mume wa Fransiska. Kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe ili rubani ajue pa kupita, kisha ahame hatua ishirini, asimame tena. Alitakiwa avae koti refu na kitambaa cha kuziba pua. Makoti yalikuwapo, mapya, yamefungiwa stoo yakiwasubiri wageni wayaone yakiwa safi. Jumanne hiyo Pascal alisimama na shati lake toka asubuhi hadi saa sita, na kila ndege ilipopita dawa ilimwangukia.

Saa saba aliletwa juu ya tela la trekta. Mate na machozi yalimchuruzika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inamchezacheza, na pumzi inakatika. Fransiska alikuwa amemshika kichwa. Daktari Yoakimu alimtazama, akamtazama tena, na hapo, lazima nimpe haki yake, akaking'oa kile kitambaa cha kufuma na maua yake akayatupa sakafuni. Alimwingiza mpira kooni kwa mkono usiotetemeka, akamuunga na mashine. Mvukuto ukapanda. Sote tulishangaa kwamba kitu kile kilikuwa kinafanya kazi.

Verediana akapewa kiti akae atazame mshale na kuandika kila robo saa, kwa kuwa wauguzi wenye vyeti walikuwa wanafua mapazia ya wageni. Mshale ulisema sitini na moja. Akaandika sitini na moja. Na asubuhi ya Jumatano, kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nami nikasoma hivyo hivyo.

Bwana wa zamu kule makao makuu akasema, "Rudia."

"Hewa chafu, sitini na moja."

"Kimeharibika nini huko?"

"Hakijaharibika kitu. Tumepata mgonjwa."

"Mgonjwa anahusikaje na namba?" aliuliza yule bwana, na alikuwa anauliza kwa dhati. "Siku mia nne mmekuwa thelathini na nane. Ijumaa wageni wanakuja kuiona hiyo mashine. Irudisheni."

Nusu saa baadaye Bwana Meneja aliingia wodini, kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe. Aliuliza nani ameipandisha namba.

"Pascal, Bwana Meneja," alijibu Verediana.

Meneja akamtazama yule mtu aliyelala na mpira kooni. "Mwambieni aishushe."

Nilidhani Verediana atamcheka, maana mimi mwenyewe nilibana kicheko kwa kanga. Hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Itashuka, baba. Lakini namba hii inataka jenereta isizimwe hata dakika. Inataka sindano za kukausha ute, tulizonazo zinaisha leo. Na inataka mtu wa kumnyonya ute kooni kila mara, kwa zamu."

Kama angesema Pascal anataka, angeambiwa bajeti haipo. Kwa kuwa iliyotaka ni namba, jenereta ya nyumbani kwa Meneja ilichotwa dizeli yote, friji yake ikazima na nyama yake ikaoza. Gari lake lilitumwa hospitali ya misheni, likarudi na sindano. Wauguzi wenye vyeti waliachishwa mapazia wakaletwa kunyonya ute. Jioni mshale ulikuwa hamsini na mbili. Alhamisi asubuhi nilisoma arobaini na mbili, nikajikuta natabasamu mbele ya redio kama mjinga. Verediana hakuwa amelala, na Fransiska alikuwa ameanza kula.

Arobaini na mbili ni namba ya mtu anayepona. Mzungu alitufundisha hivyo. Lakini si thelathini na nane. Meneja alichukua kalamu, akapiga hesabu ya kutoa, akasema, "Bado nne." Tena kulikuwa na kero nyingine: Pascal akikohoa mshale uliruka, na kengele ikalia, na Meneja hakutaka kengele ilie mbele ya mkubwa.

Hapa lazima nieleze ustaarabu wetu. Shambani, kipimo cha injini kikionyesha joto, hatukushughulikia injini. Tulishughulikia kipimo. Fundi wetu wa karakana, Gidabuday, alikuwa na kipaji kikubwa, na Meneja alikuwa amekitumia chote kwa kazi hiyo. Mashine zote za kuvunia zilisoma joto la kawaida, hata ile iliyoungua mpaka matairi. Basi Alhamisi jioni, Verediana alipokwenda nyumbani kuoga kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Gidabuday aliingia wodini na bisibisi. Alifungua kisanduku kwa nyuma, akaufunga mshale kwa uzi kwenye thelathini na nane, akakata waya wa kengele, akafunga. Kazi ya dakika tano. Daktari Yoakimu alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Verediana aliporudi aliuona mshale, akafurahi. Kisha Pascal akakohoa, na mshale haukuruka. Alikaa akiutazama. Akamwendea Daktari ofisini.

"Daktari, mmeifumba macho."

"Mpaka wageni waondoke tu, mama Justina. Si anaendelea vizuri? Kesho saa nane tunafungua."

Alirudi kwenye kiti chake, akakigeuza. Akakipa kisanduku mgongo, akamtazama Pascal.

Ijumaa wageni walifika saa nne. Jenereta ya hospitali ilikuwa imeongezewa mzigo: vipaza sauti viwili, birika za chai, friji ya soda na taa za rangi ambazo mchana hazikuonekana. Nilikuwa na shada la maua la kumpa mkubwa, nikawafuata wodini. Nami niliona alichokiona Verediana, kwa kuwa yeye alikuwa anakitazama: mvukuto haufiki juu. Umeme ulikuwa hafifu, na mashine ilikuwa inapuliza nusu. Uso wa Pascal ulikuwa umeiva wekundu, jasho linamtoka, mshipa wa shingo unagonga. Mshale ulisema thelathini na nane.

"Daktari," alisema Verediana chinichini, "mvukuto."

"Baadaye, mama."

Mkubwa aliuliza mgonjwa anaendeleaje. Daktari Yoakimu, aliyevaa tai, akaonyesha kidole kwenye kisanduku. "Thelathini na nane, mheshimiwa. Kama kawaida yetu." Wataalamu wa ngano wakaandika kwenye vijitabu vyao.

Verediana akasimama. Alichomoa ule mpira mwembamba kutoka kwa mgonjwa, akaunyanyua juu, akaupeleka dirishani, hewani, mbali na pua ya mtu yeyote. "Tazameni jamani," alisema. "Dirisha nalo lina thelathini na nane."

Nilifikiri sasa yamekwisha, sasa wataona. Mmoja wa wataalamu aliuliza mama amesema nini. Bwana Meneja, bila kupepesa macho, akamtafsiria kwamba mama amesema hewa ya wodi yote ni safi.

Wakapiga makofi, hata mkubwa, aliyekuwa amesikia Kiswahili chote.

Nimeishi miaka mingi na nimesikia makofi ya upumbavu mengi, lakini hayo bado yananichefua. Mkubwa akampa Verediana mkono. Verediana hakuupokea, kwa kuwa mikono yake ilikuwa tayari na kazi: alimtenga Pascal na mashine, akachukua mfuko wa mpira wa kukamuliwa kwa mkono, uliokuja pamoja na mashine, akauchomeka kooni na kuanza kumpa hewa. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Meneja aliwatoa haraka, akiwaambia nyama imeiva.

"Mwantumu," alisema Verediana bila kuinua kichwa, "weka maua chini, uje."

Tulikuwa watatu: yeye, Fransiska na mimi. Tulipokezana. Yeye alinyonya ute huku mmoja wetu anakamua. Mimi kwa hofu nilikamua harakaharaka, akanipiga kofi mkononi. "Kamua, kisha uache. Ukiacha ndipo anatoa. Usipomwachia atoe unamjaza." Hapakuwa na mshale wa kututazamia. Alishika mshipa wa shingo kwa vidole viwili, akatazama wekundu wa uso, akatuambia ongeza, punguza, subiri. Nje kipaza sauti kilikuwa kinalishukuru shamba kwa takwimu zake. Baada ya saa moja vidole vyangu vilikufa ganzi. Baada ya saa mbili vilikuwa vinauma mpaka machozi yananitoka, na Fransiska alikuwa anakamua huku anasali kwa Kiiraqw. Uso wa Pascal ukaanza kurudi rangi yake.

Saa tisa Daktari Yoakimu aliingia akinukia nyama choma. Alisimama akatutazama. Alifungua mdomo, na mimi nilijua alitaka kueleza kuhusu Meneja, watoto wake na nyumba ya serikali.

"Nawa mikono, Daktari," alisema Verediana. "Ni zamu yako."

Akavua tai, akanawa, akakamua. Alikamua vizuri kuliko sisi sote, pole pole, anaacha, anasubiri. Alikuwa daktari hodari, yule mtu, karatasi ikiwa mbali naye. Wageni walipoondoka na vipaza sauti kuzimwa, umeme ulirudi na mvukuto ukafika juu. Gidabuday alikuja bila kuitwa, akaukata uzi wake, akaunga waya wa kengele, akaondoka bila kumwangalia mtu. Mshale uliyumba, ukakaa arobaini na nne. Jumapili jioni Pascal aliweza kupumua mwenyewe, akatolewa mpira, na neno la kwanza kwa sauti ya kukwaruza aliuliza nani anamkamulia ng'ombe wake. Wiki iliyofuata alirudi Masakta kwa miguu yake, mkewe mbele na godoro kichwani.

Jumatatu ilikuja barua. Verediana aliachishwa kazi kwa kosa la kumtenga mgonjwa na mali ya umma mbele ya wageni wa taifa, na aondoke kwenye nyumba ya shamba kabla ya Jumatano. Chini palikuwa na sehemu ya Mganga Mkuu, na Daktari Yoakimu alikuwa ameshatia sahihi. Palikuwa pia na sehemu ya shahidi aliyekuwapo. Meneja aliniita ofisini, akasema nilikuwapo, sivyo? Akasema wasichana wanaoweza kusoma redio wako wengi Katesh. Nilisoma ile barua mara mbili. Kila neno lilikuwa kweli: alimtenga, ilikuwa mali ya umma, wageni walikuwapo. Nikatia sahihi, jina langu lote, kwa mwandiko ambao walimu walikuwa wakiusifu. Sijawahi kujionea aibu kama siku hiyo, na bado ninayo.

Jumatano nilikwenda kumuaga. Vitu vyake vilikuwa vimepakiwa juu ya tela: kitanda, masufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Barua alikuwa ameishika mkononi, imefunguliwa, na sahihi yangu ilionekana wazi.

"Shikamoo, mama Justina."

"Marahaba, mwanangu."

Aliikunja barua akaitia kifuani, akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akavitazama vidole kimoja kimoja. Akaniuliza kama bado vinaniuma tangu siku ile ya kukamua.

Nikamwambia vimepona.